Jua ni Letu, Spana ni ya Nani?

Dada yangu alinipigia simu baada ya swala ya Isha, na kwa namna alivyoitikia salamu nikajua hakupiga kunijulia hali.

"Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako. Amepata kazi."

Nikasema alhamdulillahi.

"Usishukuru bado. Njoo kwanza usikie ni kazi gani."

Kijana ana shahada ya uhandisi wa umeme. Amekaa nyumbani karibu mwaka na nusu akituma maombi Nairobi na Mombasa, na kila barua iliyorudi ilimwambia asubiri. Sasa kampuni changa ya watu tisa hapa Kilifi, inayofunga friza za sola kwenye bandari za wavuvi, imemwita awe msimamizi wa shughuli. Dada yangu hakuielewa hata kidogo. "Shughuli gani?" aliniuliza nilipofika. "Mimi shughuli nizijuazo ni za harusi. Tumeuza kiwanja cha marehemu baba yake tumsomeshe uhandisi, leo aende kupanda mapaa na kunuka samaki?"

Nilikunywa chai yake nikanyamaza. Swali lake si la nyumba moja. Ni swali la pwani nzima, kutoka Mtwapa mpaka Marereni, na ndilo nitakalolizungumzia leo.

Tuanze na Langobaya. Ukishika barabara ya Malindi kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo, ukapita Kakoneni, unafika nchi kavu ya mbuzi na mahindi ya kubahatisha. Huko, upande wa Weru, tangu Disemba 2021 kuna mtambo wa sola wa Malindi. Paneli zake zina uwezo wa hadi megawati 52 jua linapokuwa utosini. Ulijengwa na kampuni ya Globeleq pamoja na washirika wake, na umeme wake unauziwa Kenya Power kwa mkataba wa miaka 20.

Piga hesabu ya miaka hiyo 20. Mtoto wa Langobaya aliyekuwa na miaka 14 mtambo ulipowashwa atakuwa na miaka 34 mkataba ukimalizika mwaka 2041. Atakuwa amesoma, ameoa, pengine ana watoto watatu. Maisha yake yote ya ujana yatapita akiuona mtambo ule kila asubuhi. Je, atakuwa ndani ameshika spana, au nje ya ua akiuliza kama kuna kibarua?

Mtambo wa sola una tabia moja ambayo wengi hawakuambiwa. Wakati wa kujenga huhitaji watu kwa mamia: kuchimba mashimo, kusimamisha vyuma, kubeba paneli, kuvuta nyaya. Ukishawaka, huhitaji watu wachache tu, na wachache hao lazima wawe na ujuzi. Kwa hivyo anayengojea kazi ya mikono hupata miezi kadhaa, na mwenye ujuzi hupata miaka 20.

Na hii si mara ya kwanza jua na bahari yetu kufanya kazi kubwa. Nenda Gongoni, Kurawa na Marereni ukaone mabwawa ya chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka pale, na kinachoikausha ni jua. Hicho ndicho kiwanda chetu cha kwanza cha sola, tena kikubwa. Lakini malalamiko ya ardhi, maji na hali ya wafanyakazi yalizidi mpaka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006.

Songa kidogo mpaka Ngomeni. Kutoka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini, setilaiti zilirushwa tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Setilaiti ile ilipata nguvu zake kutoka kwa paneli za jua. Yaani kabla wengi wetu hatujapata hata balbu nyumbani, paneli za sola zilikuwa zimeshapita juu ya vichwa vya wavuvi wa Ngomeni. Zaidi ya miaka 50 imepita. Nitajie wahandisi wangapi wa anga waliotoka Ngomeni. Hata vidole vya mkono mmoja vitabaki.

Sisemi haya kuwalaumu Waitaliano wala wenye chumvi peke yao. Nasema kwa sababu tuna mazoea ya kuliona jambo kubwa likija, tukabishana juu ya ardhi yake, tukagombea vibarua vyake, kisha tukakaa barazani kulalamika kwamba wageni wameshika usukani. Usukani hushikwa na aliyejifunza kuendesha.

Katika kukataa, pwani tumefuzu. Watu wa Lamu walisimama kidete mpaka Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa Kwasasi. Mwaka 2024 watu wa Uyombo waliandamana kupinga kinu cha nyuklia, wakihofia bahari yao, mikoko yao na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio karibu. Niliwaunga mkono wote wawili na sijutii. Lakini ukisema makaa hapana na nyuklia hapana, huku unataka friza, pampu na taa, ni lazima uwe na jibu la pili. Jibu letu huwa ni jua na upepo. Sawa. Ila jua na upepo navyo vinataka watu wa kuvitunza, na hapo ndipo sauti zetu hupungua.

Nitawapa mfano wa karibu, msikiti wa mtaani kwetu. Mfadhili mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alituwekea paneli juu ya paa na pampu kwenye kisima, tupate maji ya udhu bila kulipia stima. Siku ya kuzindua tulichinja mbuzi wawili. Mwaka wa pili mfumo ukazima. Paneli zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa ukutani. Tukatafuta karatasi za dhamana, hazipo. Tukamtafuta fundi aliyefunga, simu haipokelewi. Fundi wa pili akataka nauli ya kutoka mbali kabla hata ya kufungua kifuniko. Tukarudi kwenye ndoo na kata, na paneli zetu zikawa kivuli cha njiwa.

Baadaye nilikuja kuelewa kosa letu. Paneli nzuri huhesabiwa miaka 25. Inveta ikitunzwa huenda miaka 10 hivi. Betri za kawaida za asidi hudumu kama miaka 3 hadi 5, na ukizoea kuzimaliza chaji mpaka chini, hufa mapema zaidi. Kwa hivyo mwenye kununua sola ananunua kitu cha miaka 25 chenye moyo unaohitaji kubadilishwa mara kadhaa. Sisi tulichangisha pesa za kununua, hatukuchangisha hata shilingi ya kutunza. Hakuna katika kamati aliyeuliza, na mimi nilikuwa kwenye kamati hiyo.

Ongeza na hali ya pwani yenyewe. Paneli hupimwa kiwandani kwa joto la digrii 25. Kila digrii inayozidi hula kama asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu yake. Mchana wa Februari, juu ya bati la Malindi, paneli hufika digrii 60 bila taabu. Maana yake, saa ile jua ni kali kuliko zote, paneli yako inaweza kuwa imepoteza kama sehemu moja kati ya saba ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Kisha kuna upepo wa chumvi unaokula skrubu, kuziba feni na kutia kutu viungo vya nyaya. Aliyejifunza sola kwenye baridi ya Ulaya anasoma habari ya chumvi kitabuni. Sisi tunaishi nayo. Huo ungekuwa mtaji wetu, kama tungeamua kuwa mtaji.

Narudi kwa mpwa wangu. Sikutaka kumjibu dada yangu kwa maneno matupu, kwa hivyo nilimwomba kijana anichukue siku moja kazini wakati wa majaribio yake. Tulikwenda bandari moja ya wavuvi ambako friza ya sola ilizimika usiku wa kuamkia Ijumaa na samaki wa wavuvi wanne wakaharibika. Nilidhani nitamwona akifungua kompyuta na kupiga hesabu ngumu. Badala yake alivua viatu, akaketi mkekani na kamati ya bandari, akaamkia wazee, akauliza maswali.

Ukweli ukatoka polepole. Mtambo haukuwa na kasoro. Usiku ule palikuwa na harusi, na mtu alichomeka spika za taarabu kwenye umeme wa friza. Betri zikakauka kabla ya alfajiri. Mama karanga mmoja, ambaye ndiye mnunuzi mkubwa pale, alisema waziwazi kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Kijana hakugomba. Alipendekeza soketi zile zifungwe na paneli ndogo ya pembeni iwekwe kwa ajili ya simu na taa. Ufunguo wa chumba cha friza ukapewa yule mama karanga, kwa kuwa ndiye anayepata hasara kubwa samaki wakioza. Wakakubaliana fidia ya wavuvi wanne itagawanywa vipi kati ya kampuni na kamati. Ndipo akachukua brashi, akasafisha feni ya inveta iliyojaa chumvi, akaandika kila kitu kwenye daftari. Njiani kurudi akaniambia: "Mjomba, chuoni tulifundishwa kukadiria mzigo wa umeme. Hakuna aliyetufundisha kukadiria harusi."

Hiyo, dada yangu, ndiyo shughuli yenyewe.

Huwa tunadhani kampuni hizi changa huinuka kwa sababu ya kifaa cha ajabu. Mara nyingi sivyo. Chukua M-KOPA, iliyoanzishwa hapa Kenya 2011. Paneli na betri zilikuwapo miaka mingi kabla yake. Kilichobadilisha mambo ni namna ya kulipa: mtu asiye na pesa za kununua kwa mkupuo analipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, asipolipa taa inajifunga, akilipa inafunguka. Nyuma ya wazo hilo rahisi kuna mawakala, maghala, vituo vya simu, mafundi na vitabu vya hesabu. Hayo yote ni uendeshaji.

Au chukua mhandisi Norah Magero. Yeye ni mhandisi wa mitambo aliyeingia kwenye masuala ya kawi, akaanzisha na wenzake shirika la Drop Access, wakatengeneza VacciBox, friji ndogo ya sola ya kuhamishika inayobeba chanjo hadi zahanati zisizo na umeme wa kutegemewa. Mwaka 2022 akawa Mkenya wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Na mwaka 2024 kampuni ya Kenya iitwayo Keep IT Cool, inayowapa wavuvi na wafugaji wa kuku ubaridi wa kuhifadhi bidhaa zao, ilishinda Tuzo ya Earthshot. Tazama wanachoshindia watu: ubaridi. Sisi wenye joto, wenye samaki wa kuoza na wenye jua la bure tulistahili kuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Sasa kijana wa Kilifi aifuateje njia hii? Si lazima aanze na shahada. Kwa kanuni za sola za mwaka 2012, fundi hupewa leseni na mamlaka ya kawi, ambayo leo ni EPRA, kwa ngazi. T1 ni ya mifumo midogo isiyozidi wati 100, T2 ni ya mifumo ya kati hadi wati 300, na T3 ni ya mikubwa, pamoja na inayounganishwa na gridi. Mwenye cheti au diploma ana bodi yake ya kumsajili, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mwenye shahada husajiliwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi anaweza kuomba kuwa mhandisi kamili. Ngazi ipo. Wengi wetu hatujui hata mguu wa kwanza unakanyaga wapi, ndiyo maana misikiti na nyumba zetu hufungiwa sola na mtu aliyejifunza juzi kwenye simu.

Mimi mwenyewe nina diploma, na nimeyasikia yote yanayosemwa juu ya watu wa diploma kwenye posa na kwenye maziko. Kwetu mtoto wa ofisi ndiye mtoto, fundi ni mtu wa kuitwa mlango wa nyuma. Tumesahau tulikotoka. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengi wanakijua kama Poli, kilianza kama MIOME, taasisi ya mafunzo ya Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Wazee wale hawakutoa mali zao tupate makarani. Walitaka mafundi na wahandisi. Na kabla yao, Nabii Nuhu alichonga jahazi na Nabii Daudi alifua chuma. Ikiwa mitume hawakuona haya kushika nyundo, sisi ni nani?

Lakini nisimpake dada yangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wasiwasi wake una msingi. Kampuni changa hufa. Nyingine huishi kwa pesa za wafadhili, na mfadhili akigeuka, mishahara huchelewa. Mpwa wangu ameambiwa waziwazi kwamba pesa iliyopo ni ya miezi 18. Kwa hivyo nilimshauri mambo matatu. Mkataba uandikwe, na ndani yake kampuni imlipie leseni ya T3. Kazi zake azirekodi ili zihesabiwe na Bodi ya Wahandisi, na amwombe mhandisi aliyesajiliwa amsimamie. Na ajifunze vitabu vya pesa kama alivyojifunza nyaya, kwa maana kampuni ikifa atatoka na kitu ambacho hakiwezi kupigwa mnada.

Hayo ni ya kijana mmoja. Ya jamii ni makubwa zaidi. Sheria ya Kawi ya 2019 inawataka wenye leseni kutumia wafanyakazi na bidhaa za hapa nchini. Ni jambo jema, lakini sheria inamtazama Mkenya, haimtazami mtu wa Langobaya. Nafasi ya mwenyeji itapatikana mezani, kabla ya mradi kuanza, na mezani huwa tunapeleka madai ya fidia ya ardhi peke yake. Tuongeze dai la pili, nafasi za mafunzo kwa idadi iliyoandikwa, kila mwaka, kwa muda wote wa mkataba.

Kaunti nayo isijifiche. Katiba ya 2010 iliwapa magavana vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti ya Kilifi ikinunua taa za barabarani za sola au pampu za maji, zabuni iwe na kipengele cha matengenezo ya miaka mitano, na mafundi watoke katika vyuo vyake yenyewe. Taa iliyokufa juu ya nguzo ni pesa ya umma iliyotundikwa kila mtu aione.

Na sisi wa misikiti tuache kusubiri serikali. Tuna waqfu za mashamba, maduka na visima. Kwa nini tusiwe na waqfu ya leseni? Kila msikiti mkubwa wa Malindi, Mambrui, Watamu, Takaungu na Kilifi ulipie vijana wawili kwa mwaka mafunzo na mtihani wa T1 na T2, nao watunze sola za misikiti na madrasa za eneo lao. Gharama yake haifikii karamu moja ya uzinduzi. Mbuzi wale wawili tuliowachinja wangetununulia matengenezo.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi tumekuwa juani miaka mingi, na bado wengine ndio wanaokula kivulini, kwa sababu tulidhani kuwa na jua kunatosha.

Dada yangu bado hajaridhika kabisa. Juzi, hata hivyo, alinipigia tena. Friji yake inakatakata na stima imepanda, akataka kujua kama kijana anaweza kumwekea paneli mbili juu ya paa.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Si ni mwanao?"

"Nimemwambia," akasema. "Ameniuliza kwanza nani atakuwa akizifuta vumbi."